Majina Yasikatwe: Jinsi ya Kuifanya Orodha Kunjuzi Itanuke Pamoja na Dirisha

Mkoa wa Ruvuma una halmashauri nane: Manispaa ya Songea, Wilaya ya Songea, Madaba, Mji wa Mbinga, Wilaya ya Mbinga, Nyasa, Namtumbo na Tunduru. Ziingize kwa majina yake rasmi kwenye orodha kunjuzi ya programu uliyoiandika kwa Python, kisha uifungue na kuchagua moja. Kisanduku kitakuonyesha “Halmashauri ya Wilaya ya”, na hapo au karibu na hapo maneno yatakatika. Ukichagua Nyasa, Namtumbo au Tunduru, kinachobaki machoni ni kile kile. Vuta pembe ya dirisha ili upate nafasi zaidi: dirisha litapanuka, lakini kisanduku kitabaki kilivyo, kimejibana pembeni huku nusu ya skrini ikiwa tupu.

Vijana wengi wanaojifunza Python hapa Songea huliona jambo hili kuwa la urembo tu, la kurekebishwa siku programu ikishakamilika. Nawasihi wasilichukulie hivyo. Programu ndogo za namna hii ndizo zinazotumika kwenye vyama vya msingi vya ushirika, maghala, shule na zahanati, na anayezitumia ni karani mwenye foleni mbele yake. Mzigo wa ufuta uliotoka Namtumbo ukiandikwa Nyasa kwa sababu majina mawili yalionekana sawa, hesabu za pande zote mbili zitakuwa na kasoro, na mkulima ndiye atakayesubiri fedha zake wakati watu wanatafuta kosa. Karani hapaswi kulaumiwa kwa kutosoma neno ambalo skrini haikumwonyesha.

Habari njema ni kwamba tiba yake ni mistari michache. Nitaieleza kwa kutumia tkinter, kwa sababu huja pamoja na Python unapoiweka kwenye Windows, haidai bando la kupakua kitu kingine, na ndiyo wengi wanaoanza wanayo. Kwenye Ubuntu utahitaji kuweka kifurushi cha python3-tk mara moja tu.

Nafasi hutoka juu kwenda chini

Kwenye tkinter kila kitu kina mzazi. Dirisha ni mzazi wa fremu, fremu ni mzazi wa kisanduku cha orodha. Mtumiaji anapovuta dirisha, nafasi mpya hukabidhiwa dirisha kwanza. Dirisha huiuliza mipangilio yake: nafasi hii nimpe nani? Kama hukuandika kitu, jibu ni kwamba hapewi mtu. Nafasi hubaki tupu, na fremu hukaa kwenye pembe ya juu kushoto kama ilivyokuwa. Ni sawa na bomba lenye koki kadhaa njiani: moja tu ikifungwa, nyumba ya mwisho haipati maji, hata kama koki nyingine zote ziko wazi.

Hapo ndipo wengi wanapokwama. Wanakishughulikia kisanduku chenyewe kwa saa nzima, wakibadilisha upana na kuongeza maneno, ilhali kizuizi kiko kwenye fremu iliyokibeba au kwenye dirisha lenyewe. Ushauri wangu mkuu katika makala haya ni huu: anza kwenye dirisha, teremka hatua kwa hatua hadi kwenye orodha, na katika kila hatua hakikisha umejibu maswali mawili. La kwanza, je, safu aliyokaa mtoto imeruhusiwa kukua? La pili, je, mtoto ameambiwa ashike kingo za safu hiyo?

Msimbo unaofanya kazi

Huu hapa mfano kamili wa fomu ndogo ya kupokelea mazao. Uandike mwenyewe kwa mkono badala ya kuunakili, ili kila mstari upite kichwani.

```
import tkinter as tk
from tkinter import ttk

halmashauri = [
    "Halmashauri ya Manispaa ya Songea",
    "Halmashauri ya Wilaya ya Songea",
    "Halmashauri ya Wilaya ya Madaba",
    "Halmashauri ya Mji wa Mbinga",
    "Halmashauri ya Wilaya ya Mbinga",
    "Halmashauri ya Wilaya ya Nyasa",
    "Halmashauri ya Wilaya ya Namtumbo",
    "Halmashauri ya Wilaya ya Tunduru",
]

dirisha = tk.Tk()
dirisha.title("Mapokezi ya mazao")

fremu = ttk.Frame(dirisha, padding=12)
fremu.grid(row=0, column=0, sticky="nsew")

lebo = ttk.Label(fremu, text="Halmashauri:")
lebo.grid(row=0, column=0, sticky="w")

orodha = ttk.Combobox(fremu, values=halmashauri, state="readonly")
orodha.grid(row=0, column=1, sticky="ew", padx=8)

dirisha.columnconfigure(0, weight=1)
dirisha.rowconfigure(0, weight=1)
fremu.columnconfigure(1, weight=1)

dirisha.mainloop()
```

Kazi yote inafanywa na maneno mawili, `sticky` na `weight`. Uzito, yaani `weight`, huwekwa kwenye safu ya mzazi na husema safu hiyo ichukue sehemu gani ya nafasi inayozidi. Usipouandika huwa sifuri, na sifuri maana yake safu haikui kabisa. Kwa upande wake `sticky` huwekwa kwa mtoto na humwambia ashike kingo zipi: “e” ni mashariki, “w” ni magharibi, “n” ni kaskazini na “s” ni kusini. Orodha kunjuzi inahitaji “ew” tu, kwa kuwa hakuna faida ya kuirefusha kwenda chini. Fremu inayobeba kila kitu inahitaji pande zote nne.

Angalia pia kwamba safu ya lebo sikuipa uzito. Neno “Halmashauri:” halihitaji nafasi zaidi ya ile lililo nayo, kwa hiyo nafasi yote inayozidi iende kwa kisanduku. Ukizipa safu zote mbili uzito wa 1, kila pikseli mbili zinazoongezeka moja itapotea kwa lebo.

Soma dalili kabla ya kugusa msimbo

Orodha inapokataa kutanuka, vuta dirisha na uangalie inavyofanya. Namna inavyokataa inakuambia kasoro iko wapi.

Kama fomu nzima imebaki kwenye pembe ya juu kushoto na kulia kwake kuna uwanda mtupu, aliyekwama ni dirisha: hukumpa uzito. Kama kisanduku kinasogea kuelekea katikati lakini ukubwa wake haubadiliki, safu yake imekua ila kisanduku hakina `sticky`. Kama kila kitu kimetulia hata baada ya kuandika `sticky`, basi safu ndani ya fremu haina uzito, au umeipa uzito safu isiyo yake. Kosa hili la mwisho ni la kawaida sana, kwa sababu safu huhesabiwa kuanzia sifuri: kisanduku kilicho kwenye safu ya pili kwa macho yako ni safu namba 1 kwa Python.

Fomu ikiwa na fremu ndani ya fremu nyingine na hujui ipi imekwama, badilisha kwa muda `ttk.Frame` kuwa `tk.Frame` na uipe kila moja rangi yake, kwa mfano `bg="yellow"` na `bg="lightblue"`. Ondoa `padding` wakati wa jaribio hilo, maana `tk.Frame` haiitambui. Vuta dirisha, na fremu ambayo rangi yake haitanuki ndiyo yenye kasoro. Ukishaitibu, rudisha msimbo ulivyokuwa.

Upana wa kuanzia na upana wa chini kabisa

Kutanuka pekee hakutoshi, kwa sababu karani anaweza asivute dirisha hata siku moja. Programu ifunguke ikiwa tayari inaonyesha jina zima. Kisanduku cha Combobox, usipokiambia kitu, huomba nafasi ya herufi 20, wakati jina kama “Halmashauri ya Wilaya ya Namtumbo” lina herufi 33 ukihesabu na nafasi kati ya maneno. Usiandike 33 kwa mkono. Iache programu ihesabu yenyewe:

```
orodha.configure(width=max(len(j) for j in halmashauri))
```

Sababu ya kutoandika namba moja kwa moja inajulikana vizuri hapa mkoani. Namtumbo ilimegwa kutoka Songea mwaka 2002, Nyasa ikamegwa kutoka Mbinga mwaka 2012, na Madaba nayo ikaja baadaye. Majina ya utawala hubadilika, kata hugawanywa, vyama vya ushirika huunganishwa. Yaweke majina kwenye faili la pembeni, programu iyasome inapoanza na kupima upana kwa jina refu zaidi, ili siku jina jipya likiongezwa usilazimike kuja kurekebisha fomu.

Upande wa pili ni kusinyaa. Safu yenye uzito hukua dirisha linapopanuliwa, na vilevile hupungua dirisha linapofinywa, hadi jina likatike tena. Weka kikomo cha chini baada ya kupanga kila kitu na kabla ya `mainloop`:

```
dirisha.update_idletasks()
dirisha.minsize(dirisha.winfo_reqwidth(),
                dirisha.winfo_reqheight())
```

Baada ya hapo mtumiaji atapanua dirisha apendavyo, lakini hataweza kulifinya chini ya kipimo ambacho fomu inakihitaji. Wapo wanaokwepa shida yote kwa kuandika `resizable(False, False)`, dirisha lisivutike kabisa. Hilo ni kuficha maradhi. Anayeona kwa shida na aliyekuza maandishi ya kompyuta yake anahitaji dirisha linalokubali kupanuka.

Orodha yenyewe inapofunguka

Mtu akibofya mshale, orodha inayoshuka huchukua upana ule ule wa kisanduku kwa wakati huo. Kisanduku kikitanuka, orodha nayo itafunguka ikiwa pana, bila wewe kuandika kitu cha ziada. Lakini ipo siku fomu ina visanduku vitatu kwenye mstari mmoja na kila kimoja kimebaki chembamba. Hapo kisanduku kinaweza kubaki kidogo, huku orodha ikifunguka kwa upana wa jina refu kuliko yote. Combobox ina nafasi ya kuita kazi fulani kabla tu ya kufunguka, nayo ni `postcommand`:

```
from tkinter import font as tkfont

mtindo = ttk.Style()
mwandiko = tkfont.nametofont("TkTextFont")

def panua():
    refu = max(mwandiko.measure(j) for j in halmashauri) + 30
    ziada = max(0, refu - orodha.winfo_width())
    mtindo.configure("Pana.TCombobox",
                     postoffset=(0, 0, ziada, 0))

orodha.configure(style="Pana.TCombobox", postcommand=panua)
```

Msimbo huu unapima jina refu zaidi kwa pikseli, unaongeza 30 kwa ajili ya ukingo na kitelezi cha pembeni, unatoa upana wa kisanduku kilivyo sasa, na kinachobaki unakiongeza kwenye orodha. Kisanduku kikiwa tayari ni kipana, ziada huwa sifuri na hakuna kinachobadilika. Jina la mtindo lazima liishie na `TCombobox`, vinginevyo tkinter haitalitambua.

Urefu nao uangaliwe. Combobox huonyesha mistari 10, na inayozidi hupatikana kwa kutelezesha. Kwa halmashauri nane hiyo inatosha. Kata za Manispaa ya Songea, zenye majina kama Ndilimalitembo, Mwengemshindo, Bombambili na Mfaranyaki, hazitaenea, hivyo ongeza `height=15`. Lipo na jambo la hatari linalosahaulika: kipanya kikiwa juu ya kisanduku na mtu akazungusha gurudumu lake akidhani anateremsha ukurasa, chaguo hubadilika kimyakimya. Kwenye Windows lizuie hivi:

```
orodha.bind("<MouseWheel>", lambda tukio: "break")
```

Ukikutana na OptionMenu

Masomo mengi ya video hufundisha `tk.OptionMenu` kwa sababu ni fupi kuandika. Kitufe chake hutanuka kwa kanuni zile zile za `sticky` na `weight`, lakini kina tabia mbili za kujua. Kwanza, usipokipa upana, hubadilika ukubwa kila mara chaguo linapobadilika: ukichagua jina fupi kinasinyaa, ukichagua refu kinavimba na kusukuma wenzake. Kipe `width` na `anchor="w"` ili kitulie na maandishi yaanzie kushoto. Pili, menyu yake haina kitelezi cha pembeni kama cha Combobox, na upana wake hufuata jina refu zaidi, haufuati kitufe. Itumie kwa machaguo machache, kama aina ya zao: mahindi, ufuta, korosho, kahawa, mbaazi. Kwa orodha za vijiji na vyama, nenda kwenye Combobox.

Pack, place na mazoea mabaya

Anayetumia `pack` badala ya `grid` afuate kanuni hii: kama vitu vinapangwa kutoka juu kwenda chini, `fill="x"` inatosha kuitanua orodha. Kama vinapangwa kando kwa kando kwa `side="left"`, ongeza `expand=True`, maana bila hiyo kila kitu hupewa upana kilioomba tu. Usichanganye `pack` na `grid` ndani ya mzazi mmoja, Python itakukatalia kwa kosa. Ndani ya fremu mbili tofauti, ruksa.

Njia ninayowashauri wanaoanza waiache ni kupanga fomu nzima kwa `place` yenye vipimo vya pikseli, `x=120, y=40, width=160`. Inavutia kwa sababu kitu hukaa pale pale ulipokitaka. Lakini vipimo hivyo ni vya skrini yako wewe. Kompyuta ya ofisini iliyowekwa maandishi ya asilimia 125 au 150 inaweza kukuza herufi huku visanduku vikibaki na pikseli zile zile, na lebo zikaanza kupanda juu ya visanduku. Gridi hujipanga upya yenyewe kwa kila skrini.

Kama fomu ina orodha mbili kando kwa kando, tuseme halmashauri na kata, na unataka zitanuke kwa usawa, uzito sawa peke yake hauhakikishi upana sawa, kwa kuwa kila safu huanza na upana wake. Ziweke kundi moja:

```
fremu.columnconfigure(1, weight=1, uniform="sawa")
fremu.columnconfigure(3, weight=1, uniform="sawa")
```

Kwa walioingia kwenye PySide6 au PyQt, kanuni ya mzazi na mtoto ni hiyo hiyo. Tumia mpangilio kama QHBoxLayout au QGridLayout badala ya `setGeometry`, hakikisha mpangilio huo umewekwa kwenye dirisha lenyewe, na mpe QComboBox sera ya Expanding kwa upana. Orodha inayoshuka unaweza kuipanua kwa `view().setMinimumWidth`.

Neno linalotofautisha litangulie

Baada ya yote hayo, bado kuna skrini ndogo ambazo hazitakuwa na nafasi. Hapo saidia kwa lugha. Majina yetu rasmi huanza kwa maneno yanayofanana na kuishia kwa neno linalotofautisha, na skrini hukata mwishoni. Ndani ya orodha andika “Namtumbo, Wilaya”, “Mbinga, Mji”, “Mbinga, Wilaya”, “Songea, Manispaa”. Jina rasmi litunze kwenye orodha ya pili kwa mpangilio ule ule, na `orodha.current()` ikupe namba ya kulichukulia wakati wa kuandika ripoti. Karani anasoma neno analolihitaji kwanza, na ripoti inatoka na jina kamili.

Kuwa makini pia na majina yanayojirudia. Songea ina kata inayoitwa Tanga na nyingine inayoitwa Ruvuma. Kwenye programu itakayotumika nje ya manispaa, “Tanga” peke yake itamchanganya mtu. Andika “Tanga, kata ya Songea”, na hapo utaona faida ya kisanduku kinachojua kutanuka.

Jaribu kwenye kompyuta zisizo zako

Kabla ya kuikabidhi programu, ifanyie majaribio yafuatayo. Ifungue na uchague jina refu kuliko yote bila kugusa dirisha: je, linasomeka lote? Likuze dirisha lijaze skrini, kisha lifinye hadi likatae. Ipeleke kwenye kompyuta ya zamani yenye skrini ya 1366 kwa 768, halafu kwenye projekta ya 1024 kwa 768 kama fomu itafundishiwa darasani. Kuza maandishi ya Windows hadi asilimia 125 na uifungue upya. Mwisho, mkalishe mtu atakayeitumia kweli, umpe karatasi yenye majina kumi, aingize yote huku wewe umekaa kimya. Akisogeza uso karibu na skrini, au akifungua orodha mara ya pili kuhakikisha alichochagua, fomu yako bado haijakamilika.

Usisubiri mradi ujao. Chagua fomu moja inayotumika zaidi kwenye programu uliyo nayo sasa, tafuta mzazi ambaye hajapewa uzito, mpe, kisha uende kwenye fomu inayofuata. Anayekutegemea kusoma jina la wilaya yake kwa usahihi ni mkulima ambaye hatawahi kuiona programu hiyo, na haki yake inaanzia pale karani anapoweza kusoma jina zima kabla ya kubofya.